Somo la Macho: Je, Macho Yote Mawili Yapasuliwe Siku Moja?

Ndugu msomaji, na wewe mzee unayesomewa kijitabu hiki na mjukuu kwa sababu macho yako hayaoni tena maandiko, somo hili ni lenu.

Huku kwetu Lusenda, kwa wenyeji na kwa ndugu zetu Warundi waliopokelewa kambini tangu mwaka 2015, swali moja linarudi kila mara tunapozungumza juu ya mtoto wa jicho. Mmoja anasema: "Mama muuguzi, mimi nimekwisha kufika. Wanipasue yote mawili leo, nirudie kwangu. Hii njia siiwezi mara ya pili." Mwingine anashika kichwa: "Hapana! Wakiharibu yote mawili siku moja, nitabaki na nini?" Wote wawili wana akili. Tusimcheke hata mmoja.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mama mmoja wa upande wa Mboko alikuwa kipofu wa macho yote mawili. Mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka kumi hivi, aliacha masomo ili amshikie fimbo. Mama yule akapasuliwa jicho la kuume, akaona. Tulifurahi sana. Mimi ndiye niliyemwambia, "Rudi nyumbani, mama, jicho la pili linaweza kungoja." Likangoja kweli. Kwanza mvua ikakata barabara, halafu risasi, halafu franka za safari zikakosekana. Miaka mitatu ikapita. Kwa jicho moja alitembea, alipika bugali, alitambua watu. Lakini alimwaga maji ya moto kando ya kikombe, na siku moja akishuka ziwani akakanyaga mahali ambapo hapakuwa na jiwe, akavunjika mkono. Mtu wa jicho moja hapimi vizuri urefu wa kitu, wala kina cha shimo. Tangu siku ile sisemi tena kwa wepesi kwamba jicho la pili linaweza kungoja.

Mtoto wa jicho ni nini?

Ndani ya jicho, nyuma ya kile kitundu cheusi cha katikati, kuna kitu kidogo kinachopitisha mwanga kama kioo safi. Tunakiita lenzi. Kwa uzee lenzi inachafuka polepole mpaka inakuwa nyeupe sawa na maji ya mihogo. Wengine huipata kwa kupigwa jichoni, kwa ugonjwa wa sukari, ama kwa kutumia siku nyingi dawa za matone zenye kortizoni walizonunua sokoni bila kuandikiwa. Watoto wengine huzaliwa nayo.

Hakuna matone yanayoiondoa. Hakuna majani, maziwa ya mama wala asali inayoiondoa. Dawa za majani zikitiwa jichoni huweza kuchoma kioo cha mbele, na hapo hata daktari hodari hana la kufanya. Dawa yake ni moja: kutoa ile lenzi chafu na kuweka nyingine ya plastiki mahali pake.

Hii plastiki ina historia yake. Wakati wa vita ya pili ya dunia, daktari Mwingereza Harold Ridley aliona marubani walioingiwa machoni na vipande vya vioo vya ndege, vioo vya plastiki, na macho yao hayakuvikataa. Mwaka 1949, kule London, akaweka lenzi ya kwanza ya namna hiyo katika jicho la mtu. Kwa miaka mingi lenzi hizo zilikuwa za matajiri. Ndiyo maana wazee wengi wa zamani walitolewa mtoto wa jicho bila kuwekewa kitu, wakapewa miwani mizito sana, na miwani ikipotea ziwani mzee anakuwa kipofu tena. Tangu 1992 kiwanda cha Aurolab, huko Madurai nchini India, kimetengeneza lenzi za bei ndogo, na leo hata maskini anawekewa lenzi yake.

Kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Unachomwa sindano ya ganzi kando ya jicho, unalala chali, unasikia watu wakizungumza. Daktari anapasua mahali padogo, na mara nyingi hapashonwi. Wengine hupona baada ya dakika kumi na tano au ishirini mezani, kumbe walikaa gizani miaka mitano.

Hatari moja inayotufanya tuogope

Kama kazi ni fupi hivyo, kwa nini madaktari wengi hupasua jicho moja, wakangoja majuma kadhaa, ndipo wakapasua la pili? Sababu kubwa ni usaha ndani ya jicho. Vijidudu vikiingia wakati wa upasuaji, jicho linaweza kuharibika kabisa kwa siku mbili tatu. Mahali panapofanya kazi safi jambo hili ni la nadra, mtu mmoja katika elfu au pungufu yake. Tena utafiti wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba dawa ya kuua vijidudu ikitiwa ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji, hatari inapungua karibu mara tano. Lakini likimpata mtu katika macho yote mawili, nadra haimsaidii kitu. Sababu ya pili ni kipimo cha lenzi. Jicho la kwanza likipona, daktari anaona kama kipimo chake kilikuwa sawa, na anaweza kusahihisha kwa jicho la pili.

Hata hivyo, nchi kama Finland zimepasua macho mawili siku moja kwa miaka mingi. Mwaka 2023 madaktari wa Uholanzi walitangaza matokeo ya wagonjwa zaidi ya 800: waliopasuliwa yote siku moja hawakuona vibaya kuliko waliopasuliwa kwa siku mbalimbali, na gharama ilikuwa ndogo. Usisahau lakini kwamba wagonjwa wale walichaguliwa, na wanakaa karibu na hospitali. Jicho likiuma usiku, gari lipo. Sisi tuna mtumbwi na motari, kama usiku unaruhusu.

Ninyi wanafunzi wa uuguzi, sikieni vizuri hapa

Siri ya macho mawili siku moja iko kwetu sisi wauguzi kuliko kwa daktari. Jicho la pili lazima lihesabiwe kama mgonjwa mwingine. Mkimaliza la kwanza, vyombo vyote vinaondoka mezani. Daktari na msaidizi wananawa tena, wanavaa kanzu na glavu mpya. Uso wa mgonjwa unasafishwa tena, unafunikwa vitambaa vipya. Vyombo vya jicho la pili vinatoka katika otoklavu ya mpiko mwingine. Nasema mpiko mwingine, si sanduku lingine la mpiko ule ule. Kama otoklavu haikufika moto asubuhi ile, masanduku yote mawili yana kosa moja. Maji ya kuoshea jicho na dawa za ndani ya jicho pia zitoke katika chupa zenye namba tofauti za kiwanda, maana chupa mbaya hutoka na ndugu zake. Katika habari zilizoandikwa za watu walioharibikiwa macho yote mawili, mara nyingi ilionekana kwamba sheria hizi hazikufuatwa.

Tena, jicho la kwanza likileta shida mezani, kazi inasimama hapo. Mgonjwa anaambiwa ukweli, na la pili linangojea siku nyingine. Mwuguzi mwenye haya ya kumkumbusha daktari jambo hilo hajamaliza masomo yake.

Nani apasuliwe yote, nani asubiri?

Mawazo yangu ni haya. Mtu ambaye macho yote mawili yamefunga, anayeongozwa kwa fimbo, anayetoka mbali, na ambaye hakuna ajuaye kama njia itamruhusu kurudi, huyo aulize habari ya macho mawili. Mtoto mdogo aliyezaliwa na weupe machoni pia, kwa kuwa yeye analazwa usingizi kabisa, na usingizi wa mara mbili una hatari yake. Yule mtoto msimcheleweshe hata kidogo. Jicho lisilotumika utotoni linasahau kuona, na baadaye hata lenzi nzuri haitalifundisha.

Lakini mwenye jicho moja tu linaloweza kupona, mwenye presha ya jicho, mwenye sukari iliyopanda, mwenye machozi ya usaha ama kope zenye vidonda, hao wasikubali yote siku moja. Mwenye kikohozi atibiwe kwanza, maana kukohoa mezani ni jambo baya sana. Na yule anayeona kwa jicho moja vya kutosha kufanya kazi zake ana nafasi ya kungoja. Apasuliwe lile bovu, na apewe tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye karatasi, si ya mdomo kama ile yangu.

Wengine upasuaji hautawasaidia. Nyumbani unaweza kujaribu hivi: gizani, funika jicho moja, mtu awashe tochi mbele ya lile lingine, mara juu, mara chini, kuume na kushoto. Asiyetambua mwanga hata kidogo ana ugonjwa mwingine nyuma ya lenzi, pengine upofu wa mtoni unaoletwa na inzi wadogo weusi, pengine presha ya jicho. Aende kupimwa, lakini asiuze mbuzi kwa tumaini la upasuaji kabla ya kupimwa.

Kabla ya kutia kidole kwenye karatasi, muulize daktari bila woga: vyombo vya jicho la pili ni vingine? Nikipata maumivu kesho kutwa, nitamkuta nani hapa? Kama kampeni itafunga mizigo siku ya pili na hakuna atakayebaki, mimi ningekataa macho mawili, hata kama njia ni ndefu. Mkimbizi asiyesikia Kiswahili vizuri aelezwe kwa Kirundi. Kutikisa kichwa si kukubali.

Usiku wa kwanza

Jambo hili watu hawalifikirii. Ukipasuliwa yote mawili, usiku ule pengine hutaona kitu, kwa bandeji ama kwa ganzi ambayo haijaisha. Choo kiko nje, sakafu ina maji. Nimeona mzee akianguka kwa sababu aliona haya kumwamsha mkwewe. Kwa hiyo uje na mtu usiyemwonea haya, naye alale karibu yako mpaka bandeji itolewe kesho yake. Mkija wawili, leteni chakula cha wawili.

Nyumbani utatia matone kwa majuma manne au zaidi, kama ilivyoandikwa. Kila jicho liwe na chupa yake. Funga uzi kwenye chupa ya jicho la kuume, hata usiku utaitambua kwa vidole. Anayetia anawe mikono kwa sabuni kwanza, na mdomo wa chupa usiguse kope. Hapana kusugua jicho. Hapana kuoga ziwani, wala kuosha uso kwa maji ya ziwa, mpaka daktari aruhusu. Hapana kubeba beseni la mihogo wala ndoo ya maji kichwani. Hapana kuinama juu ya moshi wa ndagala. Wanaume wanacheka nikisema hivyo, halafu ndio wanaoanza kulima siku ya tano.

Jicho kuwasha kidogo si ajabu. Lakini likiuma kwa nguvu, likiwa jekundu zaidi ya jana, likitoa usaha, ama likianza kufifia baada ya kuona vizuri, ondoka siku ile ile. Usingoje Jumatatu, usingoje soko la samaki. Nenda kituo cha afya, waambie neno hili, "Nimepasuliwa macho juzi," wakuandikie barua ya kutumwa mbele. Jicho lililopasuliwa linaweza kuokolewa kwa dawa ya kuchomwa ndani yake, lakini saa zinahesabiwa.

Rudi kuonyesha macho kesho yake, baada ya juma moja, na tena karibu na mwisho wa matone. Siku hiyo ya mwisho leta kitabu chako. Lenzi ya plastiki inaona mbali vizuri, lakini kwa maandiko madogo na kwa kupitisha uzi katika sindano wengi huhitaji miwani midogo ya kusomea, na hiyo ipimwe macho yakiisha kupona, isinunuliwe mapema.