Kuwapiga Picha Watoto wa Bweha Masikio

Wengi wetu hapa Singida tusikiapo neno bweha hukumbuka mwizi wa kuku. Lakini bweha si wa namna moja. Yuko mmoja mdogo, mwenye uzito wa kilo 3 hadi 5 na masikio mapana ajabu, ambaye chakula chake hasa ni mchwa na wadudu wengine. Huyo ndiye bweha masikio, mkaaji wa nyika kavu. Nataka kueleza jinsi ya kumpiga picha pamoja na watoto wake, kwa sababu picha ni ushahidi, na asiye na hatia huokolewa kwa ushahidi.

Kazi hii ni ngumu. Mnyama huyu hutembea zaidi usiku, na watoto wake hukaa shimoni. Wazazi wakisumbuliwa, huweza kuwahamisha watoto mmoja mmoja kwa mdomo hadi shimo jingine, na njiani wako fisi na tai. Kwa hiyo mtu anayevizia mlangoni na kamera mkononi aweza kuwaua bila kuwagusa.

Dawa yake ni kamera ya mtego. Hiki ni kisanduku kinachofungwa kwa mkanda mtini au kwenye nguzo. Ndani yake mna kifaa kinachohisi joto. Mnyama apitapo mbele yake, kamera hujifyatua yenyewe, ikachukua picha au filamu fupi. Usiku hutumia mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu halioni. Tangu mwaka 2010 watafiti walitega kamera 225 za namna hii huko Serengeti katika eneo la kilomita za mraba 1,125, na bweha masikio ni mmojawapo wa wanyama walionaswa pichani.

Anayetaka kutega na ayafuate haya:

1. Aombe kwanza ruhusa ya serikali ya kijiji na ya maofisa wa wanyamapori.
2. Aiweke kamera hatua kadhaa kutoka shimoni, isizidi kimo cha goti.
3. Asiielekeze mawio wala machweo, jua lisije likaharibu picha.
4. Aondoe majani marefu yaliyo mbele ya kamera tu, maana yakipeperuka huifyatua bure.
5. Asiweke chambo, wala asirudi kuchungulia kila siku.

Picha zikipatikana, yafaa zisomwe kwa makini. Bweha mmoja akionekana ameketi mlangoni kwa saa nyingi, usidhani ni mama. Mara nyingi ni baba. Mchwa hawabebeki kinywani kuletewa watoto. Mama hana budi kwenda kula mwenyewe ili apate maziwa, na baba hubaki mlinzi. Uchunguzi wa Serengeti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kadiri baba anavyokaa zaidi shimoni, ndivyo watoto wengi zaidi wanavyopona.

Basi, wazazi na wanafunzi wenzangu, tufikiri kabla ya kuziba shimo au kutupa jiwe. Yule anayepigwa kwa kosa la kuku huenda hakula kuku hata mmoja, na akifa yeye, watoto walio chini ya ardhi wamekosa mlinzi wao.

Mwanafunzi, Kidato cha IV