Damu Isiyo na Maumivu

BIBI: Mbona umekunja uso?

MJUKUU: Nimeona matone ya damu asubuhi, na mimba ina wiki 8. Jirani kasema ni kawaida, nipumzike tu.

BIBI: Kasema nusu. Katika kila wajawazito wanne, karibu mmoja huona damu miezi ya mwanzo, na wengi hujifungua salama. Lakini sababu haijulikani kwa macho. Tumbo linauma?

MJUKUU: Kidogo, hapa chini katikati.

BIBI: Si upande mmoja? Kizunguzungu? Bega haliumi?

MJUKUU: Bega nalo linahusikaje?

BIBI: Mimba ikitunga nje ya kizazi, kwenye mrija, mrija ukapasuka, damu humwagikia tumboni. Ikipanda hadi chini ya mapafu, maumivu husikika begani. Nje unaona matone, ndani mtu anaisha. Wodini nilikuwa nawaambia wauguzi wapya kila siku: msipime hatari kwa pedi peke yake. Leo hii tunakwenda ukapigwe ultrasaundi.

MJUKUU: Na mimba ikiwa kubwa?

BIBI: Ikishavuka miezi mitano, damu yoyote ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Mtu anaamka shuka limelowa damu nyekundu, haumwi popote. Anafua shuka, anaendelea na kazi zake! Kumbe kondo la nyuma limekaa juu ya mlango wa kizazi, na damu ya mara ya pili huweza kuja kwa nguvu. Huyo hatiwi kidole ukeni mpaka ultrasaundi ionyeshe kondo liko wapi. Mwingine kondo limebanduka kabla ya wakati: tumbo gumu kama ubao, linauma na halilegei, pengine damu yote imejificha ndani.

MJUKUU: Mbona dada aliona damu mwezi wa tisa wakasema ni uchungu tu?

BIBI: Ule ni ute mzito wenye michirizi. Damu inayotiririka si uchungu. Haya, kadi ya kliniki iko wapi? Kundi lako la damu?

MJUKUU: O hasi.

BIBI: Basi waambie hapo hapo mlangoni. Mwenye kundi hasi akivuja damu huenda akahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72, mwili wake usije ukashambulia damu ya watoto watakaofuata. Vaa pedi, usiingize kitu chochote ukeni. Bonge likitoka, lihifadhi daktari alione. Na ile chupa ya mitishamba iache.

MJUKUU: Mume wangu yuko safarini. Nisimsubiri aniruhusu?

BIBI: Tutampigia njiani. Mwite na kaka yako, pengine itatakiwa damu ya kuongezwa. Chukua kanga mbili, mimi naita bajaji.