Beringi za Kuongoza Ukanda wa Msumeno

Msumeno wa ukanda una magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na juu yake hupita ukanda wa chuma wenye meno, kama kamba ipitavyo juu ya roda. Kila mwanafunzi aliyepita katika karakana aujua. Lakini ukimwuliza ni kitu gani kinachoufanya ukanda mwembamba namna ile upasue ubao mnene wa mvule bila kuyumba, wengi watajibu kwamba ni kwa sababu umekazwa sana. Jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ni beringi sita ndogo, tatu juu ya meza na tatu chini yake, ambazo kazi yake ni kuongoza ukanda. Wenzetu wengi waliotoka shuleni na kufungua karakana zao hununua beringi hizi mara kwa mara, wala hawajiulizi zile za zamani ziliuawa na nini. Hapo ndipo penye somo letu.

Katika kila kundi la tatu, mbili hukaa ubavuni, moja kulia na moja kushoto, ili ukanda usipinde. Ya tatu hukaa nyuma, upande usio na meno. Tuiite beringi ya mgongo. Huyo ndiye mpagazi wao. Seremala anaposukuma ubao mbele, ukanda hurudi nyuma, na beringi ya mgongo huupokea. Mashine nyingine zina vipande vya chuma au vya mbao ngumu mahali pa beringi za ubavu, lakini ya mgongo ni beringi karibu siku zote.

Tufanye hesabu kidogo. Ukanda wa msumeno wenye magurudumu ya inchi 14 huenda kama mita 900 kwa dakika, yaani milimita 900,000. Beringi ya mgongo ambayo huviringika kwa ukingo wake, na yenye upana wa milimita 30, ina mzingo wa milimita 94 hivi. Gawanya, utaona kwamba ikiguswa na ukanda huzunguka zaidi ya mara 9,500 katika dakika moja! Kiungo kidogo hakiwezi kustahimili kazi hiyo kutwa kucha. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: ukanda unapozunguka mtupu, pasipo ubao, beringi zote sita sharti zisimame kimya. Ukiona ya mgongo inazunguka wakati hapana kitu kinachopasuliwa, jua kwamba inakufa bure.

Basi nafasi yake ni kiasi gani? Nyuma ya ukanda acha nafasi isiyozidi nusu milimita. Ubavuni weka unene wa karatasi moja ya daftari kila upande. Kata vipande viwili vya karatasi, vitie kati ya ukanda na beringi, sogeza beringi mpaka zikamate karatasi kidogo tu, kaza skrubu, halafu vuta karatasi. Tena, beringi za ubavu zikae nyuma ya mashimo ya meno, kwa umbali ulio mkubwa kuliko ile nafasi ya mgongoni. Sababu yake ni rahisi: ukanda ukisukumwa nyuma na ubao, meno yasifike kwenye beringi. Yakifika, ule mpindo wa meno wa kulia na kushoto huharibika kwa dakika moja, na beringi huchanjwa.

Lakini kabla ya kuzigusa beringi, kwanza ng'oa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa maana vidole vyako vitakuwa katikati ya meno, na mtu ye yote aweza kuingia na kubonyeza. Kisha rudisha beringi zote nyuma, mbali na ukanda. Kaza ukanda, zungusha gurudumu la juu kwa mkono, na urekebishe mpaka ukanda ukae mahali pake bila msaada wa beringi hata moja. Fundi anayetumia beringi kuulazimisha ukanda ukae juu ya gurudumu amekwisha kuziua. Ukanda ukitulia wenyewe, ndipo uzilete beringi karibu.

Namna ya kuzipima ni kuzizungusha kwa kidole, moja moja. Beringi nzima huzunguka taratibu, laini, nayo hukawia kidogo kwa sababu ya grisi iliyomo ndani. Wengi hudanganyika hapa. Wakiona beringi imezunguka muda mrefu kama pia, hufurahi, kumbe hiyo ndiyo iliyokwisha grisi. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, au ukiishika na kuiona inacheza huku na huku, imekwisha. Vile vile ikiwa ukingo wake una mfereji uliochimbwa na mgongo wa ukanda, au chuma chake kimegeuka rangi ya buluu kwa moto, itupe. Wala usisahau zile za chini ya meza. Unga wote wa mbao huzimwagikia, hakuna anayeziona, na kwa kawaida ndizo za kwanza kuharibika.

Kusafisha ni kazi ya brashi kavu na kitambaa. Utomvu wa msonobari ukigandamana kwenye ukingo, tia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa uupanguse. Usiitumbukize beringi yenyewe katika mafuta ya taa. Yataingia ndani na kuyeyusha grisi, nawe huna njia ya kuirudisha, kwa kuwa beringi hizi zimefungwa. Upepo wa pampu nao huusukuma unga ndani badala ya kuutoa.

Unapokwenda dukani, soma namba iliyochorwa ubavuni mwa beringi. Katika zile za namba nne, kama 6200, tarakimu mbili za mwisho zaeleza tundu la katikati: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 zidisha kwa 5. Kwa hiyo 6201 ina tundu la milimita 12, na upana wake wa nje ni milimita 32. Ndogo yenye namba 608 ina tundu la milimita 8 na upana wa 22. Herufi nazo zina maana. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili, na 2RS ni vifuniko vya mpira. Kwa vumbi la karakana mimi napendelea vya mpira, maana bati huacha mwanya mdogo ambao unga hupenya.

Kuitia mpya kwataka subira kuliko nguvu. Ikiwa beringi inakaza juu ya pini, sukuma mviringo wa ndani tu, kwa kipande cha bomba kinachoenea hapo, ukitumia jiliwa. Ikiwa inakaza ndani ya shimo, sukuma mviringo wa nje tu. Ukigonga ule usiokaza, nguvu yote hupitia kwenye gololi, nazo huacha alama katika njia yake. Beringi itanguruma tangu siku ya kwanza, nawe utamlaumu mwenye duka.

Kama beringi ya mgongo yafa tena baada ya muda mfupi, angalia ukanda. Ukanda butu humlazimisha mtu asukume kwa nguvu, na mawe madogo ya chokaa yaliyomo ndani ya mvule hufanya meno kuwa butu upesi. Angalia pia kiungo cha ukanda. Wazo la msumeno huu ni la tangu mwanzo wa karne ya 19, lakini kanda zilikatika ovyo kwenye kiungo, mpaka Mfaransa mmoja, mwanamke aitwaye Anne Paulin Crépin, alipobuni njia bora ya kuunga akaomba hataza mwaka 1846. Hata leo kiungo kisichopigwa tupa vizuri hubaki na nundu, na nundu hiyo huigonga beringi kila mzunguko. Utaisikia: tak, tak, tak.

Ukimaliza, shusha nguzo ya juu mpaka beringi zikaribie ubao, kama robo inchi juu yake. Zungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa, funga milango, ndipo urudishe plagi. Pasua kipande cha taka, zima, ng'oa plagi tena, na ukaze skrubu zote mara ya pili, maana mtikisiko wa kwanza huzilegeza. Kisha andika kwa penseli ndani ya mlango wa mashine namba ya beringi na tarehe uliyoiweka, ili atakayeufungua baada yako asianze kupima upya.