Kuhifadhi Vitu Msimu wa Masika: Kijitabu cha Kaya za Pwani

Masika yakikolea, nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, huanza kunuka uvundo. Kanzu iliyotunzwa kwa ajili ya Idi hutolewa kabatini ikiwa na vidoa vyeusi kwenye kola. Viatu vya ngozi huota utando wa kijivu, na kurasa za kadi ya kliniki ya mtoto hugandana. Watu wengi huihesabu hasara hiyo kwa fedha tu. Lakini ukungu unaokula nguo hutoa vijimbegu vinavyopeperuka na kuvutwa puani, na ukungu wa jamii nyingine, ule unaoota kwenye mahindi na karanga, hutengeneza sumu inayoua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu husumbuliwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua na pumu.

Maji yasiyoonekana

Hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo. Katika chumba chenye urefu, upana na kimo cha mita 3, unyevu hewani ukifika asilimia 80, maji yanayoelea humo yanazidi nusu lita, hata kama hakuna tone linaloonekana. Usiku ukuta ukipoa na kushuka chini ya nyuzi 26 hivi, sehemu ya mvuke huo hugeuka majimaji juu yake.

Ndiyo maana kabati lililosukumwa hadi kugusa ukuta huoza kwa nyuma kwanza. Likivutwa mwezi Mei, ubao wake wa nyuma huonekana umevimba, na ukibonyezwa kwa kidole unadidimia. Madoa ya kijani na meusi hujazana karibu na sakafu, pale hewa isipopita kabisa, ilhali milango ya mbele ingali inang'aa. Nafasi ya upana wa kiganja kati ya kabati na ukuta, pamoja na vipande vya matofali chini ya miguu yake, hutosha kupitisha hewa. Godoro nalo lisilazwe sakafuni. Liwe juu ya chaga za kitanda, na mara moja kwa wiki lisimamishwe kwa ubavu.

Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa chokaa, ambayo huuruhusu ukuta kutoa unyevu wake. Ukuta wa namna hiyo ukipigwa saruji, maji hubaki ndani na plasta huanza kubabuka. Fundi anayeitwa kutengeneza nyumba kama hizo aelezwe mapema kwamba zinahitaji chokaa.

Nguo zikauke kwanza

Ukungu hauhitaji muda mrefu. Kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, unaweza kuanza kuota. Nguo zilizofuliwa zisilale kwenye beseni hadi asubuhi, na zilizoanikwa zianuliwe kabla jioni haijaingia, hewa inapoanza kuwa nzito. Nguo iliyotoka kupigwa pasi bado ina mvuke. Itundikwe ipoe kabla ya kukunjwa. Mfuko wa nailoni au sanduku lenye mfuniko wa kubana hulinda vizuri kitu kilichokauka, lakini kilichobaki na unyevu huvundia humo humo. Udi na karafuu huzipa nguo harufu nzuri, ila haviondoi unyevu hata kidogo.

Madirisha yafunguliwe jua linapowaka, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na yafungwe mvua inaponyesha. Sufuria ifunikwe wakati wa kupika ili mvuke usisambae hadi chumbani.

Dawa zinazozidi ugonjwa

Hatari nyingine huletwa na juhudi za kupambana na unyevu wenyewe. Mvua inapokosa kukatika, baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani ili kukausha nepi na sare za shule, kisha hufunga mlango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Madhara yake huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, na anayelala humo anaweza asiamke. Jiko la mafuta ya taa halisaidii pia: lita moja ya mafuta hayo ikiungua huongeza zaidi ya lita moja ya maji hewani kwa njia ya mvuke. Ni afadhali nguo zitundikwe barazani kwenye upepo, hata zikichelewa kukauka.

Vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kabatini kuzuia nondo vinahitaji tahadhari kubwa. Mtoto mdogo huvidhani ni peremende. Aidha, katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria wapo watoto wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Mtoto wa namna hiyo akivishwa nguo au kufunikwa blanketi lililokaa na naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Macho na ngozi huwa vya njano, na mkojo hugeuka mweusi kama chai ya rangi. Akionekana hivyo, apelekwe hospitali mara moja, siku hiyo hiyo. Nguo na mablanketi ya watoto wachanga yasihifadhiwe kabisa na vidonge hivyo.

Ukungu ulioota kwenye vigae au meza huondolewa kwa maji, sabuni na kitambaa kilicholoweshwa, kisha pakaushwe vizuri. Kuusugua ukiwa mkavu hurusha vijimbegu hewani. Anayesafisha avae glavu na barakoa, na mwenye pumu asiifanye kazi hiyo. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo wala yenye amonia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma mapafu.

Mahindi na karanga

Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, yakiwemo Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba kulichangia. Sumu hiyo hushambulia ini, na kuchemsha au kusonga ugali hakuimalizi.

Kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi katika Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Nyumbani kuna kipimo rahisi. Chumvi hukaushwa juani au kwenye kikaango, maana chumvi ya pwani hunyonya maji yenyewe. Hutiwa kiasi kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, hufuatia mahindi hadi theluthi ya chupa, inafungwa, inatikiswa na kuachwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudishwe juani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Yanayokusudiwa kukaa miezi yaendelee kuanikwa kidogo.

Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, na magunia yapangwe juu ya chaga mbali na ukuta. Punje na karanga zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu zichambuliwe na kufukiwa. Wasipewe ng'ombe wala kuku: sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa.

Dawa na nyaraka

Dawa nyingi huhitaji mahali pakavu pasipozidi nyuzi 30, hivyo bafuni na juu ya friji si mahali pake. Vidonge vibaki kwenye pakiti zake hadi saa ya kumezwa, na kikopo chenye kipakiti cha kunyonya unyevu kisitolewe kipakiti hicho. Aspirini iliyoingiwa na unyevu hunuka siki; isitumike.

Vyeti vya kuzaliwa, hati za nyumba na kadi za kliniki zikae pamoja kwenye chombo cha kubana, juu ya kiwango cha mafuriko. Zikilowa, kurasa zitenganishwe taratibu na kukaushwa kivulini penye upepo, kwani jua kali hukunja karatasi na kufifisha wino.

Kabla ya mvua

Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua likiwa kali, ndio wakati wa kutoa kila kitu nje: magodoro, mablanketi, viatu, vitabu. Ndio pia wakati wa kuziba bati linalovuja, kuzibua mifereji na kuondoa udongo uliolundikana kwenye msingi. Ukungu unaorudi mahali pale pale baada ya kusafishwa una chanzo cha maji karibu, mara nyingi bomba linalovuja au paa, na fundi aitwe akitafute kabla ukuta haujapakwa rangi upya.