Kuchagua Foklifti kwa Ghala Lenye Nafasi Finyu

Wanunuzi wengi wa foklifti huanza kwa kuuliza bei, kisha uzito ambao mashine inaweza kuubeba. Tunashauri swali la kwanza liwe jingine: je, ujia uliopo kati ya rafu za ghala una upana gani? Foklifti isiyoweza kugeuka ndani ya ujia huo humlazimu mwenyewe ama kung'oa rafu ama kuiuza mashine kwa hasara.

Upana upimwe kutoka mzigo hadi mzigo, si kutoka nguzo hadi nguzo, kwa kuwa paleti huchomoza nje ya rafu. Upimwe pia urefu wa mlango na wa rafu ya juu kabisa. Baada ya hapo, aina zifuatazo zilinganishwe. Vipimo tulivyotoa ni vya kukadiria, kwa paleti ya mita 1 kwa 1.2.

Foklifti ya kawaida, yenye chuma kizito nyuma ili isipinduke, huhitaji ujia wa mita 3.5 hadi 4. Ile ya betri yenye magurudumu matatu hugeuka katika nafasi pungufu kidogo.

Richi traki husogeza meno yake mbele na kuyarudisha ndani, hivyo hutosheka na mita 2.7 hadi 3. Huhitaji sakafu iliyo sawa. Haifai kwa uwanja wenye mashimo.

Foklifti yenye kiungo katikati hukunja sehemu yake ya mbele na kufanya kazi katika ujia wa takriban mita 2.

Kwa ghala dogo lenye rafu fupi, mashine ya betri ambayo mwendeshaji huiongoza akitembea kwa miguu yaweza kutosha, tena kwa gharama ndogo.

Ndani ya ghala lililofungika tunapendekeza mashine za betri. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Hatimaye, kibao cha uwezo kilichobandikwa kwenye mashine kisomwe kwa makini. Mashine iliyoandikwa kilo 1,500 haibebi uzito huo katika kila hali. Kadiri mzigo unavyoinuliwa juu au unavyozidi kuwa mrefu mbele ya meno, ndivyo uwezo unavyopungua. Foklifti iliyotumika isiyo na kibao hicho isinunuliwe: bila kibao, dereva hukisia, na kukisia huko kwaweza kumgharimu maisha yeye au mpakiaji aliye karibu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai mambo mawili: upana wa ujia unaohitajika uandikwe ndani ya mkataba, na mashine ijaribiwe ikiwa na mzigo, katika ghala lake mwenyewe. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakuwa na sababu ya kukataa.