Mwenzetu Anataka Kuacha Pombe: Tumpeleke Wapi?



Katika ziara zetu kuna swali linalorudi kila mara. Kwa kawaida huulizwa na mama, tena wakati wengine wameshaanza kuondoka: "Mwalimu, mzee wangu anasema anataka kuacha. Nimpeleke wapi?" Somo letu ni hilo. Ubaya wa pombe hatutaueleza, mnaujua kutuzidi.

Kwanza tuungame kosa letu. Miaka ya nyuma tulikuwa na mwanachama mmoja, fundi wa mawe, aliyekunywa chang'aa tangu asubuhi. Alipotuomba msaada tulifurahi mno. Tulimsimamisha mbele ya kikundi kizima, akasema makosa yake yote, tukampigia makofi, tukamwambia asiguse tena hata tone. Siku ya tatu mkewe alikuja mbio. Mtu anatetemeka, anaongea na watu wasiokuwepo, kisha ameanguka kifafa. Wengine walisema ni mapepo. Hayakuwa mapepo. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukinyimwa ghafula, unaweza kushtuka hivyo, na mtu anaweza hata kufa. Alifikishwa hospitali akapona, Mungu asifiwe. Lakini kikundini hakurudi. Kila alipopita njiani watoto walimwimbia yale aliyoyasema mbele yetu.

Basi, mtu anayekunywa kila siku, hasa yule ambaye mikono hutetemeka asubuhi mpaka apate kikombe, aende hospitali kabla ya kuacha. Daktari ataona kama anahitaji dawa na uangalizi siku zile za mwanzo. Asione haya kusema ukweli ni kiasi gani anakunywa.

Baada ya hapo ndipo anahitaji wenzake. Kikundi kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, au AA, maana yake walevi wasiotajwa majina. Kilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Marekani. Bwana mmoja wa mambo ya hisa, Bill, alikuwa safarini, biashara imemharibikia, na sauti za baa ya hoteli zinamwita. Hakuwa amekunywa kwa miezi kadhaa. Akaogopa. Akaanza kupigia simu watu wa kanisa mji ule, akitafuta mlevi mwingine wa kuongea naye. Akakutanishwa na daktari mmoja, Bob, aliyekuwa akishindwa na pombe. Wakaongea kwa saa nyingi. Kikundi chenyewe kilianza na hao wawili.

Nyinyi mliozoea vyama vya akiba mtashangaa mkiingia mkutano wa AA. Hakuna ada ya kujiunga wala fomu. Hutaitwa jina la ukoo. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Gharama za chai na chumba wanachangishana wenyewe, na pesa za wafadhili hawazipokei. Yanayosemwa mle yanabaki mle. Mtu husimulia yake na wengine husikiliza, wala hapigiwi kelele kama ameteleza wiki iliyopita.

Utakipata wapi? Mikutano ya AA iko Nairobi na miji mingine kadhaa, na mingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa, kwa hivyo anza kwa kuuliza parokia ya mjini. Uliza pia hospitali ya kaunti, kitengo cha afya ya akili. Simu ya NACADA, 1192, haitozwi. Mwenye simu ya intaneti anaweza kuhudhuria mkutano akiwa nyumbani, ingawa tunaona kukaa ana kwa ana kunashinda. Nyumba za kurekebisha watu ni jambo tofauti, na nyingi zinalipisha sana. Kabla hamjauza ng'ombe, ulizeni NACADA kama ile nyumba ina kibali.

Na kama kijijini hakuna? Tunajua nauli ya kwenda mjini kila wiki ni ngumu. Basi tafuteni mmoja aliyekwisha kuacha, yuko tu, pengine ni yule mzee wa kanisa msiyemdhania. Muulizeni kwa siri kama atakubali kukutana na mwenzetu kila wiki, saa ile ya jioni ambayo miguu huelekea kilabuni. Wawili wanatosha kuanza. Sisi wengine kazi yetu ni kuwapa chumba na kukaa mbali. Wako pia kina mama wanaokunywa, nao hujificha zaidi. Wao watafutieni mama mwenzao.

Mke naye asisahauliwe. Al-Anon, kikundi cha jamaa za walevi, kilianzishwa Marekani mwaka 1951 na wake za watu wa AA, kwa sababu waliona nao wameumia. Hata mzee akikataa kuacha, mama anaweza kutafuta wenzake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mtu akituambia siri yake leo, nani kati yetu anaweza kuitunza? (Msijibu haraka.)

2. Hospitali iliyo karibu ni ipi, na usiku mgonjwa wa kifafa atafikishwaje?

3. Baadhi yetu tumelipa karo kwa pesa za busaa. Mwenzetu anayeacha atakaaje kikundi kimoja na mpishi wa pombe, na huyo mpishi tumsaidie kupata kazi gani nyingine?

4. Siku ya kugawana pesa za mzunguko, yeye angependa zake zikabidhiwe nani? Mmemuuliza mwenyewe?