Swala yangu ya mjini haikufika Kasulu



Ndugu msomaji, mwaka 2017 nilikwenda Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kwa shughuli zangu. Hapa Dar es Salaam mimi ni mtu wa safu ya mbele. Imamu ananijua, na nisipoonekana alfajiri naulizwa. Kasulu hakuna aliyenijua. Nililala nyumba ya wageni. Asubuhi ya kule ina baridi, na adhana niliisikia nikiwa ndani ya blanketi. Sikuinuka. Niliswali jua limeshachomoza, rakaa nikizidonoa kama kuku.

Nikajiuliza: kumbe zile swala ndefu za mjini nilikuwa namswalia nani?

Siku iliyofuata, kabla ya kuendelea na safari ya Kibondo, niliingia kambi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 ikapokea maelfu ya Warundi. Mkimbizi hatoki bila kibali, na chakula chake ni cha mgao. Nyuma ya kibanda nilimkuta mzee mmoja wa Buyenzi, Bujumbura, akiswali peke yake juu ya kiroba cha unga, kibla amekiwekea alama kwa mawe. Alipotoa salamu nikamwuliza kama haoni unyonge. Akanijibu kwa upole:

"Mwanangu, nyumba niliiacha, duka nililiacha. Ninayemwomba sikumwacha Burundi."

Nikamkumbuka Bilal (r.a.). Alipolazwa kwenye mchanga wa moto wa Makka na jiwe kifuani, swala tano zilikuwa hazijafaradhishwa. Msikiti hakuwa nao, wala adhana ilikuwa haijakuwepo. Alichokuwa nacho ni imani kwamba Allah ni Mmoja. Umayya alimiliki mwili wake, moyo ukamshinda. Kwa hiyo Bilal alikuwa huru hata kabla Abu Bakr (r.a.) hajamkomboa. Adhana ilikuja baadaye, Madina, na mwadhini wake akawa yeye.

Nisieleweke vibaya. Sisemi tuache swala. Yule mzee naye aliswali, tena kwa wakati. Ninachosema ni kwamba matendo bila imani hayamkomboi mtu. Surat Al-Maa'un inawaonya wanaoswali huku wakijionesha na kuwanyima watu msaada mdogo. Na Mtume (s.a.w.) aliita riyaa shirki ndogo. Mwenye riyaa ni mtumwa wa macho ya watu: yakiwepo anasujudu, yakiondoka analala.

Waislamu wenzangu, tujipime. Usiangalie swala yako ilivyo Ijumaa msikitini kwenu, kanzu imepigwa pasi. Angalia ilivyo pale ambapo hakuna anayekujua. Mzee wa Nyarugusu alifungiwa kambini akiwa huru. Mimi niliyepanda basi na kwenda nitakako ndiye niliyekuwa mfungwa.